Wa Nne kwa Mara ya Tatu: Uchambuzi wa Kisa cha Farasi Jike Aliyekimbizwa Akiwa kwenye Joto

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya masaisi wenzangu, walioko Nairobi, Dubai, Muscat na kwingineko, na kwa yeyote anayeshika hatamu ya farasi jike siku ya mbio. Majina ya watu, ya farasi, ya banda na ya uwanja nimeyaondoa. Tarehe nimezigeuza kuwa siku: siku ya mbio ndiyo sifuri, nyingine zinahesabiwa kabla au baada yake. Nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimtunza.

Mbio za majike wakubwa ni mbio gani

Katika mbio za uwanda, zile zisizo na viunzi vya kuruka, farasi jike anaruhusiwa kukimbia na madume, na Uingereza humpunguzia uzito wa ratili 3 ili mambo yalingane kidogo. Lakini zipo pia mbio zilizotengwa kwa majike peke yao, na miongoni mwake zipo za waliokomaa, miaka 4 na kuendelea. Dahlia Stakes ya Newmarket mwezi wa Mei, Middleton Stakes ya York mwezi huohuo, Duke of Cambridge Stakes ya Royal Ascot mwezi wa Juni: hizo zote ni za aina hiyo. Dahlia mwenyewe alikuwa jike aliyefunzwa Ufaransa, akawashinda madume katika mbio za King George pale Ascot mwaka 1973, akarudi akashinda tena 1974. Wenzetu wa Dubai wanaijua Balanchine ya Meydan, mita 1,800 kwenye nyasi, nayo ni ya majike.

Waingereza wana jina moja kwa jike aliye chini ya miaka 5 na jina jingine akishafika hapo, hata kama hajazaa. Kiswahili hakihesabu miaka. Kwetu, mnyama jike ambaye hajazaa ni mtamba, awe na miaka 3 au 7. Naona lugha yetu imegusa jambo lenyewe hasa, kwa sababu mbio hizi zote msingi wake ni uzazi.

Zawadi ya fedha kwenye mbio hizi si kubwa ukilinganisha na mbio za wazi za daraja lilelile. Kinachotafutwa ni herufi nyeusi. Farasi wanapouzwa kwa mnada, ukurasa wa katalogi huorodhesha mama, nyanya na ndugu zao. Aliyeshinda mbio za Listed au za Group (madaraja ya juu: Group 1 ndiyo kilele, kisha 2 na 3, halafu Listed) jina lake huchapwa kwa herufi kubwa nzito. Aliyeshika nafasi ya pili au ya tatu huchapwa kwa herufi nzito za kawaida. Wa nne huchapwa kama wengine wote. Mnunuzi anapopekua katalogi usiku kabla ya mnada, jicho lake hukimbilia wino mzito. Jike mwenye wino huo huuzwa kwa bei nyingine kabisa, na watoto wake vilevile kwa miaka mingi.

Usuli wa kisa

Banda letu lilikuwa Newmarket, mji wa mashariki ya Uingereza wenye farasi wa mbio wapatao 3,000. Kabla ya hapo nilijifunza kazi kwenye mabanda ya Ngong, Nairobi.

Jike wetu alikuwa na miaka 5, mtamba, kahawia iliyoiva, mwenye kichwa kidogo na moyo mkubwa. Hakuwa na umbo la kutisha. Alikuwa ameshinda mara nne katika mbio za handikapu, ambamo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi, kisha akapandishwa daraja la Listed mara mbili, na mara zote mbili akamaliza wa nne. Ile ya pili alikosa nafasi ya tatu kwa kichwa. Nakumbuka picha ya mwisho wa mbio ilivyobandikwa, pua yake na pua ya mwenzake, na kati yao upana wa kiganja.

Mwenye farasi hakuwa tajiri wa mabanda. Alikuwa na jike huyu mmoja tu. Alikwisha kulipia nafasi kwa farasi dume wa mbegu, na jike alitakiwa apandishwe kabla ya katikati ya Juni. Haraka hiyo ina sababu. Mimba ya farasi ni kama miezi 11, na farasi wote wa mbio wa upande wa kaskazini wa dunia huhesabiwa kutimiza mwaka tarehe 1 Januari. Mtoto aliyezaliwa Februari na aliyezaliwa Juni huingia uwanjani kama wa rika moja. Kila wiki ya kuchelewa kumpandisha mama inamdai mtoto.

Basi mkufunzi akachagua mbio moja: Group 3, furlongi 9, yaani kama mita 1,800, ya majike wa miaka 4 na kuendelea, mwanzoni mwa Mei. Akiingia tatu bora apate wino wake na apelekwe kwa dume. Akikosa, apelekwe hivyohivyo.

Jambo la joto

Farasi jike akiwa kwenye mzunguko wa kawaida huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto hudumu siku 5 hadi 7. Wapo majike ambao hutaona tofauti yoyote kwenye mwendo wao. Wapo ambao mgongo huwauma, hukunja masikio ukifunga mkanda wa tandiko, husimama na kukojoa kidogo kidogo, na akili yao yote huhamia kwa dume lililoko lori la pili. Jike wetu alikuwa wa kundi hili. Tulijua tangu mwaka uliotangulia.

Tusichokizingatia ni majira. Mzunguko wa farasi jike huongozwa na mwanga. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, mchana una urefu wa saa 12 Januari hadi Desemba, na pale Ngong mwezi wowote unaweza kukuta jike kwenye joto. Newmarket mwezi wa Desemba mchana haufiki saa 8. Ovari hulala. Mwanga unaporudi haziamki siku moja; hupitia majuma kadhaa ya mpito ambapo vifuko vya mayai hukua na kusinyaa bila yai kupevuka, na jike huonyesha joto refu, la kukatika na kurudi, lisilofuata hesabu yoyote. Mara nyingi yai la kwanza la mwaka hupevuka Aprili, au hata Mei.

Mtiririko wa matukio

*Siku ya 38 kabla ya mbio.* Dalili za kwanza. Niliandika kwenye daftari la banda: "Mkia juu, anakojoa kidogo kidogo, amebakiza oti kwenye hori." Siku ya 32 zikakoma.

Mkufunzi akachukua kalenda na penseli. Kutoka siku ya 38, ongeza 21: joto lingine lingeanza siku ya 17 kabla ya mbio na kwisha siku ya 11. La tatu lingekuja siku ya 4 baada ya mbio. Maana yake siku ya mbio jike angekuwa ametulia, na siku chache tu baadaye angekuwa tayari kwa dume. Hesabu ilipendeza mno. Nilimwona akiweka alama ya vema kwenye kalenda ya ukutani.

*Siku ya 27 hadi 23.* Dalili zilirudi siku mbili, zikapotea siku moja, zikarudi tena. Hapa kuna kosa langu, na nalieleza kama lilivyo. Niliandika neno moja tu: "Joto?" Niliweka alama ya kuuliza. Kiongozi wa banda alipolisoma aliniambia huo ni ukaidi wa majira ya kuchipua, farasi wote huchangamka nyasi zinapoota. Sikubisha. Nilikuwa mgeni wa pale mwaka wa pili tu, naye amekaa na farasi miaka thelathini.

*Siku ya 17.* Dalili kamili, kama kalenda ilivyotabiri. Mkufunzi akasema hesabu imekubali. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeitilia shaka, mimi nikiwa mmoja wao.

*Siku ya 10.* Mazoezi ya mwisho makubwa. Alikwenda shoti na mwenzake wa banda, dume aliyehasiwa, akampita bila kuguswa na mjeledi. Saa ilisimama mahali pazuri. Mpanda farasi wa mazoezi alishuka akitabasamu, kisha akasema jambo la pili kwa sauti ya chini: "Furlongi ya mwisho alikuwa akinivutia kushoto." Mkufunzi aliuliza kama ni sana. Akajibiwa, si sana. Jioni nilimpitishia mkono mgongoni. Nilipobonyeza nyuma ya tandiko, upande wa kushoto, ngozi ilisisimka na mguu wa nyuma ukanyanyuka. Hilo nililiandika vizuri, kwa maneno kamili. Lakini niliandika chini ya ukurasa, baada ya habari za kwato na nyasi kavu, na siku hiyo kila mtu alisoma mistari miwili ya juu kuhusu saa.

*Siku ya 5.* Joto ambalo lingekuwa limekwisha siku ya 11 lilikuwa bado lipo. Asubuhi hiyo sikungoja daftari. Nilimfuata mkufunzi uani nikamwambia, "Bosi, hajatoka kwenye joto tangu siku ile." Alinitazama kidogo, akampigia simu daktari.

Daktari alimpima kwa altrasaundi. Vifuko vitatu kwenye ovari mbili, kikubwa cha milimita 30 hivi, na hakuna alama ya yai lililokwisha kutoka. Kwa hiyo hakuwa ameanza mzunguko kabisa. Lile tulilolihesabu kama joto la kwanza lilikuwa mpito, na siku ya 17 ilikuwa bahati tu ya tarehe kugongana.

*Siku ya 5, mchana.* Kikao cha mkufunzi, daktari na mwenye farasi kwenye simu. Nitakirudia kwenye sehemu inayofuata.

*Siku ya 2, saa 4 asubuhi.* Saa ya mwisho ya kuthibitisha jina, kama kanuni ya Uingereza inavyotaka kwa mbio za uwanda. Jina likathibitishwa. Majike saba kwa jumla.

*Siku ya mbio.* Safari ya saa tatu kwa lori. Ndani ya lori kulikuwa na nafasi tatu: yeye katikati, na madume wawili wa banda letu waliokuwa na mbio zao siku hiyohiyo. Tulipofungua mlango alikuwa amelowa jasho kifuani na katikati ya mapaja, na ubao wa pembeni ulikuwa na alama mpya za kwato.

Kwenye chumba cha kutandikia nilikuwa nimemshika lijamu, mkufunzi anafunga mkanda. Tundu la kwanza, masikio yakalala. Tundu la pili, akashusha mgongo kana kwamba anataka kuchuchumaa, akakojoa mkojo wa manjano mzito ulionirukia viatuni. Mkufunzi akasimamisha mkono. Akaniuliza, "Yukoje?" Nikamwambia, "Hayupo hapa. Mwili upo." Alitazama nje, ambako mwenye farasi alikuwa amesimama na mkewe na mama yake mzee, wamevaa nguo za sherehe. Akafunga tundu la tatu.

*Mbio.* Alitoka kizimbani, pale farasi wanapoanzia mbio, amechelewa, akaachwa urefu wa farasi wawili. Joki aliacha maagizo ya kukaa kwenye kundi, akampeleka nje peke yake ambako hapana farasi ubavuni, na hapo jike akatulia na kuanza kukimbia. Furlongi tatu kabla ya mwisho alikuwa wa sita. Furlongi moja kabla ya mwisho alikuwa wa nne na anapanda kwa nguvu, nikajikuta napiga kelele kwa Kiswahili katikati ya Waingereza. Kisha akavuta kushoto. Joki aliweka mjeledi chini na kumvuta kwa mikono yote miwili, lakini jike alikwisha kumsogelea mwenzake na kumbana, yule akalazimika kukatisha hatua. Wetu akamaliza wa tatu, kwa shingo.

Waamuzi waliita kikao. Walitazama mkanda wa video kutoka pande zote, wakawahoji majoki wawili. Swali lao lilikuwa moja: kama asingebanwa, yule wa nne angemaliza mbele ya wetu? Kwa tofauti ya shingo tu, jibu lilikuwa ndiyo. Wakabadilisha nafasi. Jike wetu akawa wa nne, kwa mara ya tatu.

Maamuzi na sababu zake

Kwenye kikao cha siku ya 5 daktari aliweka njia nne mezani, na aliziandika kwenye karatasi, jambo ambalo namshukuru hadi leo.

Ya kwanza, dawa ya homoni inayotuliza joto. Siku zilizobaki zilikuwa chache mno kwa dawa kufanya kazi na kisha kutoka mwilini. Mkufunzi aliikataa papo hapo, na alikuwa sahihi.

Ya pili, sindano ya kuchochea yai lipevuke ili joto likome. Daktari mwenyewe alisema vifuko vya mpito mara nyingi havisikii sindano hiyo, na suala la dawa kubaki mwilini lilikuwa palepale. Ikaachwa.

Ya tatu, kumtoa na kungoja. Zilikuwepo mbio nyingine za majike wakubwa wiki tatu mbele, ila ni ndefu zaidi, maili 1 na nusu, umbali ambao hajawahi kuukimbia.

Ya nne, akimbie hivyohivyo.

Wakachagua ya nne. Sababu zilizotajwa zilikuwa tatu: mazoezi ya siku ya 10 yalikuwa bora kuliko yote ya mwaka, orodha ya waliobaki ilikuwa fupi, na nafasi tatu zenye wino kati ya farasi saba ni bahati isiyokuja kila siku, na kalenda ya dume haikungoja. Sababu ya nne haikutajwa lakini wote tuliijua. Mwenye farasi alikuwa amekwisha kuwaalika ndugu zake.

Pamoja na uamuzi huo waliweka kinga mbili. Jike avalishwe kofia ya kuziba masikio hadi kizimbani, na joki aambiwe waziwazi kuhusu hali yake ili awe huru kubadili mpango. Uamuzi wa lori haukufanywa na mtu. Ratiba ya lori ilipangwa siku kumi kabla, hakuna aliyeirudia.

Matokeo

Siku iliyofuata mizani ilionyesha kilo 455. Siku tatu kabla ya mbio alikuwa 471. Kwa kawaida mbio na safari humla kilo 8 hadi 10. Safari hii zilikwenda 16. Alikula nusu ya chakula chake kwa siku mbili.

Siku ya 9 baada ya mbio daktari aliona yai la kwanza la mwaka limepevuka. Kuanzia hapo mzunguko ukawa sawasawa kama saa. Mwenye farasi akasema asipandishwe bado, apumzike. Akapandishwa kwenye joto lililofuata, mwanzoni mwa Juni. Siku 15 baadaye picha ya altrasaundi ilionyesha mimba.

Kilichofuata wengi wenu mtakishangaa, kama nilivyoshangaa mimi. Uingereza huruhusu jike mwenye mimba kukimbia hadi siku ya 120 tangu apandishwe, na mamlaka za mbio hujulishwa kwamba amepandishwa. Jike wetu alibadilika. Alinenepa shingoni, hori likawa tupu kila asubuhi, mgongo ukabonyezeka bila kusisimka. Mwishoni mwa Julai, mimba ikiwa na siku hamsini na kitu, mkufunzi alimwingiza kwenye mbio za Listed za majike, maili 1. Alisafiri na jike mwenzake mzee, mtulivu. Alikwenda mstari mmoja ulionyooka kama uzi, akamaliza wa tatu. Hakuna kikao kilichoitwa.

Hizo ndizo zilikuwa mbio zake za mwisho. Mei iliyofuata alizaa mtamba mwekundu mwenye soksi moja nyeupe.

Uchambuzi

Nianze na lililofanya kazi, kwa kuwa ni machache na yanastahili kutajwa kwa heshima. Joki kuambiwa ukweli kulitupa mbio. Angebaki kwenye kundi kama maagizo ya kawaida yalivyotaka, jike asingefika hata wa sita. Karatasi ya daktari nayo ilisaidia: wiki tatu baadaye hakuna aliyeweza kudai kwamba hakuambiwa, na mazungumzo ya lawama yalikwisha haraka. Na kule kuzikataa dawa kulikuwa kwa dhati. Mkufunzi alikuwa na shinikizo la mteja na hakulegea.

Sasa upande mwingine. Kosa kubwa wengi watalitafuta kwenye kikao cha siku ya 5. Mimi naliona mbali zaidi nyuma, kwenye Desemba. Wafugaji wa farasi wanajua siku nyingi kwamba jike akiwekewa taa bandani, mwanga na mchana jumla saa 16 kwa siku kuanzia mwanzo wa Desemba, baada ya miezi miwili na zaidi kidogo mzunguko wake huamka mapema. Mashamba ya uzazi hufanya hivyo kila mwaka. Sisi tulikuwa na jike tuliyejua joto humsumbua, tuliyejua atakimbia Mei na kupandishwa kabla ya katikati ya Juni, na tulimweka banda la upande wa kaskazini ambalo taa huzimwa saa 11 jioni. Taa moja na saa ya kuiwasha vingetosha. Zingewashwa, huenda ile kalenda ya penseli ingekuwa kalenda ya kweli. Banda la mbio lilimwona kama mkimbiaji, shamba la uzazi lingemwona kama mama, na jike mwenyewe ni mmoja.

Hesabu ya siku 21 haikuwa na kosa lenyewe kama hesabu. Ilijengwa juu ya siku ambayo haikuwa mwanzo wa kitu. Kabla ya kuhesabu ilitakiwa kipimo kimoja cha kuthibitisha yai limepevuka. Kingefanyika siku ya 32, tungejua wiki nne mapema, na hata dawa ya kutuliza ingekuwa jambo la kujadiliwa kwa utulivu na kwa kufuata kanuni. Tena ile siku ya 17 iliyogongana na kalenda ilitudhuru kuliko kama isingegongana, maana ilitufumba macho.

Kuvuta kushoto kulionekana mara tatu. Mpanda farasi alikusema, mkono wangu ulikuhisi mgongoni, na uwanja mzima ulikuona. Mkufunzi alisikia la kwanza, daftari lilibeba la pili, na hakuna mtu aliyeviweka pamoja. Kwenye kikao cha siku ya 5 neno "mgongo" halikutamkwa. Daktari alipima ovari kwa sababu aliitwa kwa ajili ya ovari. Laiti angeambiwa kuhusu ule mguu ulionyanyuka, nadhani uzani wa ile njia ya nne ungebadilika, kwa sababu farasi anayekaza mgongo upande mmoja na kuchoka ataegemea, na akiegemea ndani ya kundi atambana mtu. Tuliijadili hatari ya kushindwa. Hatari ya kumdhuru mwenzake, na joki wa mwenzake, hatukuijadili hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya nafasi iliyopotea: yule jike mwingine alikatishwa hatua akiwa mwendo wa kasi kamili, na kwa neema ya Mungu hakuanguka.

Daftari. Baada ya mbio niliomba turudie kurasa zote pamoja, na mkufunzi alikubali. Tuliona kwamba neno langu "Joto?" lilikuwa na uzito uleule wa "nyasi zimeisha". Sasa ukurasa wa kila jike una mstari wake wa juu kabisa: joto lipo au halipo, siku ya ngapi, mgongo ukibonyezwa anafanya nini. Ukiwa saisi, andika ulichokiona kwa mwili wa farasi, usiandike jina la ugonjwa na alama ya kuuliza. "Amenyanyua mguu wa nyuma kushoto nilipobonyeza nyuma ya tandiko" haibishiwi na mtu wa miaka thelathini kazini. "Joto?" inabishiwa. Na ikiwa siku tatu umeandika jambo lilelile na hakuna aliyejibu, litamke. Mimi nilitamka siku ya 5. Ningetamka siku ya 23.

Lori ni jambo dogo lililokula kilo nyingi. Hakuna aliyekosa maarifa hapo. Kila mtu bandani anajua jike aliye kwenye joto hapangwi kati ya madume wawili kwa saa tatu. Ila ratiba ilitoka ofisini, na ofisi haisomi daftari la banda. Lori la pili lingegharimu fedha, sawa. Kubadilishana nafasi tu, yeye mwisho na ubao mtupu katikati, dume mmoja akaja na msafara mwingine, kungekuwa bure.

Kuhusu zile mbio za Julai naomba tuwe waangalifu. Wapo bandani waliosema mambo yalikwisha vizuri, kwa hiyo Mei haikuwa kosa. Hayo hayafuatani. Mei tulifanya uamuzi na taarifa za Mei. Na wapo waliotoka na imani kwamba mimba ni dawa ya kasi. Ninachoweza kusema ni kwamba jike huyu, mimba ilipomwondolea joto, alikimbia kwa mgongo usiouma. Jike mwingine ambaye joto halimsumbui asingepata faida hiyo, na bado angebeba hatari zote. Kanuni inaruhusu, mimi nilipomfunga mkanda siku ile nilifunga kwa mikono yenye wasiwasi, na ningeulizwa kama nalipenda jambo hilo ningejibu hapana.

Kuna gharama moja ambayo haikuandikwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Mtoto alizaliwa Mei. Tarehe 1 Januari iliyofuata alihesabiwa mwaka mmoja sawa na waliozaliwa mwezi wa pili, akawekwa malishoni nao, na nilipokwenda kumtazama alikuwa mfupi kwao kwa kiganja kizima begani. Mama yake alikuwa pembeni ya ua, tumbo limeanza kuonekana tena, anakula kwa utulivu.